Buchheim, mwalimu aliyegeuza nyumba yake kuwa maabara

Rudolf Buchheim alizaliwa Bautzen, Ujerumani, mwaka 1820. Mwaka 1847 alikwenda ugenini kufundisha elimu ya dawa katika Chuo Kikuu cha Dorpat, ambayo leo ni Tartu, Estonia, lakini wakati ule ilitawaliwa na Urusi. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wakikariri dawa na sifa zake, ushahidi hakuna. Maabara nayo hakuna. Akafungua yake katika vyumba vya chini nyumbani kwake, kwa fedha za mfukoni. Sisi tuliosomea chini ya turubai tunamwelewa. Humo wanafunzi walipima wenyewe dawa inafanya nini mwilini. Isiyothibitika aliitoa kitabuni mwake. Chuo kilimpa jengo mwaka 1860. Alirejea Ujerumani mwaka 1867, kiti chake akakirithi mwanafunzi wake Oswald Schmiedeberg. Alifariki Giessen mwaka 1879.