Otto Lehmann, bingwa wa fuwele zitiririkazo

Otto Lehmann alizaliwa mjini Konstanz, kusini mwa Ujerumani, tarehe 13 Januari, 1855. Baba yake, mwalimu wa hesabu, alipenda mno hadubini, na mwana akayarithi mapenzi hayo. Lehmann alijitengenezea hadubini yenye moto, ili akitazame kitu huku kikiyeyuka, na yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana. Baina ya vichujio hivyo, maji huonekana giza tupu, ilhali fuwele kama za sukari hung'aa.

Machi 1888 alipokea barua ya Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague. Dawa moja iliyotokana na kolestroli ilimtatiza. Kwa digrii 145.5 iliyeyuka ikawa nyeupe kama tui. Kwa digrii 178.5 ikatakata kama maji ya mvua. Yawaje kitu kimoja kiyeyuke mara mbili?

Lehmann akakitia chini ya hadubini yake. Kilitiririka, na bado kiling'aa kama fuwele! Mwaka 1889 aliutangazia ulimwengu habari za fuwele zitiririkazo, na mwaka huo huo akashika nafasi ya Heinrich Hertz huko Karlsruhe.

Wanazuoni wengine hawakukubali. Gustav Tammann alishikilia kuwa huo ni mchanganyiko tu, mfano wa mafuta na maji. Ubishi ulidumu miaka mingi. Mwaka 1904 Lehmann alitoa kitabu kikubwa kilichojaa picha za hadubini.

Alifariki Karlsruhe tarehe 17 Juni, 1922. Mwaka huo huo Mfaransa Georges Friedel aliyapanga maumbile hayo katika mafungu. Katika fungu la dawa ya Reinitzer, molekuli hugeuka kidogo kidogo tabaka hata tabaka, mithili ya ngazi ya mnara wa msikiti. Msokoto huo ukitazamwa kwa ubavu kwa hadubini ya vichujio, huonekana mistari myeusi na myeupe kama alama za kidole. Toka mstari mweusi hadi mweusi wa pili ni nusu ya mzunguko: ukipima maikroni 5, mzunguko mzima ni maikroni 10.

Lehmann alipendekezwa mara kadhaa kupewa tuzo ya Nobel, asiipate. Leo vioo vingi vya televisheni na saa hutumia fuwele hizo. Wahenga husema mvumilivu hula mbivu. Lehmann alipanda, wakala wengine.