Armauer Hansen, daktari aliyemwona bakteria wa ukoma kwenye kinyama cha ngozi

Mzazi akiambiwa mtoto wake atakatwa kinyama cha ngozi kwa ajili ya vipimo, huuliza kwanza kama itauma. (Kinachouma ni sindano ya ganzi, na ni kwa muda mfupi.) Swali la pili wengi hubaki nalo moyoni: kile kinyama kinakwenda wapi, na nani anakishika? Wiki hii tutalijibu kupitia maisha ya daktari mmoja wa Norway, Gerhard Henrik Armauer Hansen, aliyetumia miaka mingi kuangalia vipande vya ngozi ya watu wengine kwa darubini.

Alizaliwa Bergen, mji wa bandari magharibi mwa Norway, mwaka 1841, katika familia ya watoto 15. Alihitimu udaktari mwaka 1866, akahudumia wavuvi wa visiwa vya Lofoten, kisha mwaka 1868 akarudi nyumbani kufanya kazi katika hospitali za ukoma. Wakati huo Bergen ilikuwa na hospitali kadhaa za ugonjwa huo. Sajili ya taifa ilianzishwa mwaka 1856, na hesabu ya wagonjwa ilikuwa takriban 2,800, wengi wao wakulima na wavuvi maskini wa pwani ya magharibi.

Bosi wake alikuwa Daniel Cornelius Danielssen, mtaalamu wa ukoma aliyeheshimika Ulaya nzima. Danielssen aliamini ukoma ni ugonjwa wa kurithi. Alikuwa amejichoma mwenyewe majimaji ya vinundu vya wagonjwa na hakuugua, hivyo hakuona sababu ya kubadili mawazo. Hansen alimheshimu, akamwoa binti yake mwaka 1873, lakini binti huyo alifariki mwaka huohuo kwa kifua kikuu. Hata hivyo, kuhusu kurithi hakukubaliana na mkwewe. Alipochunguza kumbukumbu za familia zilizougua, aliona ugonjwa unafuata watu waliokaa pamoja zaidi kuliko unavyofuata damu.

Ilibaki kupata ushahidi, na ushahidi ulikuwa ndani ya vinundu. Hansen alikuwa amekwenda Bonn na Vienna kujifunza kazi ya darubini. Aliporudi alikuwa anakata kinundu cha mgonjwa, anakwangua majimaji yake, anayaweka kwenye kioo na kutazama. Mwishoni mwa Februari 1873 aliona vijiti vidogo ndani ya seli, tena na tena, kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Mwaka uliofuata alichapisha alichokiona, kwa tahadhari, bila kudai kwamba amemaliza kazi. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuhusisha bakteria na ugonjwa sugu wa binadamu.

Shida yake ilikuwa rangi. Bakteria asiyetiwa rangi ni kama uzi mweupe kwenye shuka jeupe: unaweza kumwona wewe, mwenzako asimwone. Mwaka 1879 alikuja Bergen daktari kijana kutoka Breslau, Albert Neisser, mwenye miaka 24 tu, naye akiwa tayari amegundua bakteria wa kisonono. Hansen alimpokea vizuri na kumpa sampuli. Neisser alirudi kwao, akazitia rangi, vijiti vikaonekana wazi, na akachapisha kana kwamba ugunduzi ni wake. Hansen alilazimika kuandika haraka katika lugha kadhaa kueleza alichokiona na lini. Hatimaye sifa ilimrudia, na hata leo ukoma huitwa pia ugonjwa wa Hansen. Lakini tuwe wa haki: bila mkono wa Neisser kwenye ile rangi, dunia ingechelewa zaidi kuamini.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wanaomsifu Hansen hulipita haraka. Bakteria wake alikataa kuota kwenye chupa za maabara (mpaka leo haoti), na majaribio kwa wanyama yalishindikana. Novemba 1879 Hansen alichukua kisu kidogo cha upasuaji wa macho chenye uchafu wa kinundu cha mgonjwa mmoja, akamchoma nacho jichoni mgonjwa mwingine, mwanamke mwenye aina tofauti ya ukoma, aone kama vinundu vitatokea. Hakumweleza, wala hakumwomba ruhusa. Mwanamke huyo alilalamika, kasisi wa hospitali akalipeleka suala mbele, na mwaka 1880 Hansen akasimama mahakamani Bergen. Alikiri kuwa hakuomba kwa sababu alijua angekataliwa. Mahakama ilimvua kazi yake ya hospitali na kumwamuru alipe gharama za kesi. Alibaki na cheo cha ofisa mkuu wa ukoma wa nchi, lakini hakurudi tena kuwa daktari wa wodi.

Nionavyo, hukumu ile ilikuwa sahihi, na yule mwanamke anastahili kukumbukwa pamoja na daktari wake. Alikuwa mgonjwa, maskini, anayeishi kwa matunzo ya hospitali, na bado alisema jicho ni lake.

Baada ya hapo Hansen alifanya kazi zaidi kama mtu wa afya ya jamii. Sheria za mwaka 1877 na 1885 zilitaka mgonjwa awe na chumba na vyombo vyake nyumbani, la sivyo apelekwe hospitali. Zilikuwa kali, na kuna waliotenganishwa na familia zao kwa nguvu. Mwaka 1888 alisafiri Marekani kuwaangalia wahamiaji kutoka Norway. Hakukuta ukoma kwa watoto na wajukuu wa wagonjwa waliohamia huko, jambo lililozidi kudhoofisha hoja ya kurithi. Alifariki Februari 1912 akiwa safarini kikazi katika mji mdogo wa Florø.

Je, leo kinyama chako kinafanyiwa nini? Kinatumbukizwa kwenye chupa ya formalini ili kisioze. Fundi wa maabara anakiondoa maji, anakizamisha kwenye nta ya moto, na nta ikiganda anakikata kwa mashine kuwa utando mwembamba wa kama elfu nne au tano za milimita… yaani sehemu nne au tano kati ya elfu moja za milimita moja. Kisha rangi. Rangi za kawaida, za waridi na zambarau, hazimwonyeshi bakteria wa ukoma. Inahitajika rangi maalumu, na katika njia inayotumika sana fundi huchanganya mafuta ya karanga, yakilinda ganda la nta la bakteria lisiharibiwe na dawa. Ikifanywa vizuri, vijiti hutokea vyekundu kwenye uwanja wa bluu. Ndiyo maana fomu iseme wazi kwamba ukoma unashukiwa. Fundi asipoambiwa, hatatia rangi hiyo.

Mara nyingi ukoma hutambuliwa bila kukata kitu, kwa kupima ngozi na mishipa ya fahamu. Kinyama huchukuliwa pale penye shaka. Kabla hujasaini, uliza kinachukuliwa kwa nini, kutoka wapi, na majibu yatatoka lini. Hakikisha jina kwenye chupa ni la mwanao. Una haki ya kukataa na kuuliza kuna njia gani nyingine.

Na usisubiri kinyama ndipo uende kituoni. Baka lililopauka au jekundu, lisilowasha, ambalo mtoto hahisi ukiligusa kwa pamba, lipeleke likaonwe. Tiba ni vidonge vya miezi 6 au 12 kulingana na aina, na hutolewa bure.