MTEMI MIRAMBO: KABLA YA TRENI YA UMEME, NJIA ILIKUWA YAKE

Wadau, siku hizi kijiweni stori ni treni ya umeme tu. Abiria walianza kupanda Dar–Morogoro Juni 2024, Dodoma ikafuata Julai mwaka huo huo. Vichwa 17 viliagizwa kwa Hyundai Rotem ya Korea Kusini, vinakula umeme wa kilovolti 25 kutoka waya wa juu, na mwendo ni hadi kilomita 160 kwa saa. Si mchezo! Mikataba ya kuifikisha reli hiyo Tabora, kisha Kigoma, ilisainiwa mwaka 2021 na 2022. Sasa swali langu: hiyo njia ya Tabora kwenda Ziwa Tanganyika, mnajua aliyewahi kuishika ni nani?

Ni Mtemi Mirambo. Alizaliwa karibu mwaka 1840, jina lake la mwanzo Mbula Mtelya, mtoto wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Himaya ya mzee ilikuwa ndogo tu. Enzi hizo treni ilikuwa ni mabega ya Wanyamwezi: pembe za ndovu zilibebwa na wapagazi hadi Bagamoyo. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akaingia Tabora Juni. Miezi mitatu, na jamaa alikuwa na haraka!

Mirambo alijifunza vita vya Wangoni waliotoka kusini. Akakusanya vijana wa kivita, rugaruga, akawapa bunduki, akaunganisha Uyowa na Ulyankulu, akajenga makao makuu Urambo. Alichokiona mapema ni kwamba utajiri unapita mlangoni kwake, ila faida inaishia kwa wengine. Wafanyabiashara wa Kiarabu ndio walioshika Tabora, na Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, alikaa kitini kwa msaada wao. Mirambo akataka hongo, yaani ushuru wa kupita. Hawakuelewana.

Mwaka 1871 ikawa vita. Waarabu walimvamia, Stanley akiwa upande wao. Waliteka ngome na pembe, wakaanza kurudi na mzigo kwa raha zao. Mirambo akawavizia njiani akawafyeka. Baada ya hapo akaifuata Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji. Njia ikafungwa! Stanley ikabidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji kwa Livingstone. Sultani Barghash wa Unguja akatuma askari, nao hawakufua dafu. Amani ilikuja karibu 1875.

Stanley huyo huyo alirudi 1876, wakachanjiana damu wakawa ndugu, na akamfananisha na Napoleon. Mirambo akakaribisha wamisionari wa London Missionary Society Urambo, akawa anaandikiana na John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar. Lakini mwaka 1880 Wazungu wawili waliuawa kwenye mapigano ya rugaruga wake, urafiki ukaingia doa.

Jamani, tusimpake rangi ya malaika. Vijiji vilichomwa, watu walichukuliwa mateka. Waliolipia ukubwa wake wengi walikuwa Waafrika wenzake, na mimi siwezi kulificha hilo eti kwa sababu ni shujaa wetu.

Alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuishikilia dola, maana ilisimama juu ya mtu mmoja. Wajerumani walipokuja hapakuwa na Mirambo wa kuwazuia. Reli yao ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikapita hapo hapo Urambo. Jina lake limebaki kwenye kambi ya jeshi na shule ya sekondari pale Tabora.

Mimi naona somo liko wazi. Kwanza kulikuwa na mabega ya wapagazi, halafu moshi wa Wajerumani, sasa umeme. Kila zama swali ni lile lile: mzigo ukipita Tabora, Tabora inabaki na nini? Mirambo alilijibu kwa bunduki. Kizazi chetu kinapaswa kulijibu kwa ufundi, maghala, viwanda vya asali na tumbaku, na vijana wanaojua kutengeneza hivyo vichwa. La sivyo tutabaki kupunga mkono dirishani.

Wadau wa Unyanyembe na Urambo mpo? Mwageni maoni, ila matusi hapana.