Gauss na Kibanda Kisicho na Chuma

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kutafuta koili ndogo iko wapi kwa kupima nguvu ya sumaku inayoitoa. Vihisi vinane, majibu manane, na hayakubaliani. Umwamini nani? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Carl Friedrich Gauss, ambaye wengi wetu tunamjua kwa ule mchoro wa kengele tu, basi.

Alizaliwa Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1777, kwenye familia ya kawaida kabisa. Masomo yake yalilipiwa na mtawala wa huko. Bumu la enzi hizo, tuseme. Mwaka 1801 Piazzi wa Palermo aliiona Ceres angani, akaifuata siku kama 40, ikampotea. Gauss, kijana wa miaka 24, alichukua vile vipimo vichache akapiga hesabu, na Desemba ikaonekana karibu kabisa na alipoelekeza.

Mwaka 1809 akachapisha njia ambayo ndiyo inaniokoa leo: usichague kipimo unachokipenda. Chukua vyote, kisha tafuta jibu ambalo tofauti zake na vipimo, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe na zote zikajumlishwa, zinatoa jumla ndogo kuliko jibu lingine lolote. Legendre, Mfaransa, alikwishaichapisha 1805. Gauss akadai ameitumia tangu 1795. Ugomvi ukawaka, na mimi nipo upande wa Legendre: ukifungia kazi kabatini, usimlaumu aliyetoa yake.

Lakini hesabu haiponyi kipimo kibovu, na hilo jamaa alilijua vizuri. Mwaka 1831 mwanafizikia Wilhelm Weber alifika Göttingen, na 1833 walikuwa na kibanda cha kupimia sumaku kisicho na chuma hata kidogo. Mpaka misumari ilikuwa ya shaba! Ndani walining'iniza mche wa sumaku wenye kioo. Msomaji alikaa mbali na darubini, akitazama skeli kupitia kioo kile, hivyo sumaku ikigeuka kidogo tu anaona, na yeye mwenyewe haivurugi. Kisha wakaunganisha vituo vya miji mingi: siku zilizopangwa, wote wanasoma kila dakika 5 kwa saa ya Göttingen. Kufikia 1839 Gauss alikuwa ameeleza sumaku ya dunia nzima kwa namba 24, na kuonyesha kwamba karibu yote inatoka ndani ya dunia.

Hapo katikati kuna jambo linalonikera. Mwaka 1837 mfalme wa Hannover alifuta katiba. Maprofesa saba wa Göttingen walipinga kwa maandishi, wakafukuzwa kazi. Weber alikuwemo, na Ewald, mkwe wa Gauss, pia. Gauss hakusaini. Mtu aliyeondoa hata msumari ili sumaku isidanganywe, hapo alinyamaza. Weber aliendelea kupima naye bila kiti cha uprofesa, akahamia Leipzig 1843, akarudi 1849. Gauss alifariki 1855, Göttingen ile ile.