Faraday: Kutoka kujalidi vitabu hadi kuwa gwiji wa umeme

MICHAEL Faraday, Mwingereza ambaye ugunduzi wake ndio msingi wa mitambo ya kuzalisha umeme, ikiwemo ile ya Masinga na Kiambere kwenye Mto Tana, hakuwahi kusomea chuo kikuu.

Alizaliwa Septemba 22, 1791, kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi aliyeandamwa na maradhi, na elimu ya kijana huyo haikupita kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Akiwa na umri wa miaka 14, alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu katika duka la George Riebau.

Huko alishona kurasa na pia akazisoma. Kakake Robert, mhunzi vilevile, alimlipia kiingilio cha shilingi moja kwenye mihadhara ya sayansi iliyofanyika jioni.

Mnamo 1812, mteja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza mkemia maarufu Humphry Davy katika taasisi ya Royal Institution. Faraday alinakili mihadhara yote minne, akachora vifaa vilivyotumika, kisha akaijalidi kuwa kitabu cha takriban kurasa 300 na kumpelekea Davy. Ufundi aliotaka kuuacha ndio uliomfungulia mlango: Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Miezi michache baadaye, Davy alimchukua katika ziara ya Ulaya. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, na Faraday akatwikwa kazi zake. Mkewe Davy alimdharau waziwazi, hata akafikiria kurudi nyumbani na kuachana na sayansi. Alivumilia. Alikutana na Ampère jijini Paris na Volta huko Milan, akajifunza Kifaransa na Kiitaliano.

Aliporejea, alitambua kuwa hakuwa msemaji mzuri, akalipia masomo ya kuhutubu. Baadaye alikuwa mhadhiri aliyejaza ukumbi.

Mwaka wa 1821 alifanikiwa kufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku. Lakini aliharakisha kuchapisha matokeo bila kumtaja William Wollaston, aliyekuwa akitafiti suala hilo hilo, na uvumi ukaenea kwamba ameiba wazo. Kosa hilo lilikuwa lake, na lilimgharimu. Alipopendekezwa kujiunga na Royal Society, aliyepinga alikuwa Davy, mlezi wake mwenyewe. Hata hivyo, alichaguliwa mnamo 1824.

Ugunduzi mkuu ulikuja Agosti 29, 1831, alipozungushia pete ya chuma nyaya mbili na kuona kwamba kila umeme ulipowashwa au kuzimwa katika waya mmoja, sindano iliyounganishwa na wa pili ilitikisika. Wiki chache baadaye alizalisha umeme kwa kuzungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku.

Pengo la hesabu halikuzibika kamwe. Badala ya milinganyo, alifikiri kwa picha za mistari ya nguvu inayoizunguka sumaku, na wasomi wengi wakaipuuza. Kijana James Clerk Maxwell aliichukulia kwa uzito, akaanza kuiandika kihesabu. Mwaka wa 1857, akiwa na umri wa miaka 66 na kumbukumbu zikimpotea, Faraday alimwandikia Maxwell kumwomba aeleze matokeo yake kwa lugha ya kawaida pia, ili watu wa maabara wayatumie.

Alifariki Agosti 25, 1867, huko Hampton Court.