Michael Jackson na Mbalanga Yake

Muhula uliopita niliabiri matatu Kangemi kwenda mjini. Ubavuni ilichorwa picha ya marehemu Michael Jackson. Kabla hatujafika Westlands makanga alishatoa hukumu, ati jamaa alijichubua kwa kuuonea haya weusi wake. Abiria wakacheka. Mimi nikatia mkono mfukoni, maana nina mbalanga vidoleni.

Sasa nasema.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1958 mjini Gary, Marekani, mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Aliimba na kaka zake tangu utotoni, kisha Thriller ya 1982 ikampa umaarufu wa dunia nzima. Hayo mwayajua.

Miaka ya themanini madaktari walimkuta na mbalanga pamoja na lupasi ya ngozi. Katika maradhi haya askari wa mwili humgeuka mwenyewe. Kwenye mbalanga, chembe nyeupe za damu huua seli zinazotengeneza rangi, na papo hapo hutoa ujumbe wa kikemikali uitwao intaferoni gama. Seli za ngozi zikiupata, nazo hutoa ujumbe wao wa kuita chembe nyeupe zaidi. Ndivyo baka linavyotanuka. Wanasayansi wamepima damu ya wenye mbalanga wakaukuta ujumbe huo wa pili umezidi. Kwa hivyo si uchawi, si uchafu, wala haiambukizi.

Kwanza aliyafunika mabaka kwa vipodozi. Yalipoenea mno, akatumia dawa ya kuondoa rangi iliyosalia ili ngozi ilingane. Kwa hiyo makanga alikuwa na robo ya ukweli, tena robo ndogo! Alipozuru Dar es Salaam mwaka 1992 minong'ono ilishazagaa. Februari 1993 alieleza ugonjwa wake kwenye televisheni, lakini wengi hawakumsadiki. Alifariki Los Angeles tarehe 25 Juni 2009, akiwa na miaka 50, na uchunguzi wa maiti ukathibitisha. Tarehe hiyo sasa ndiyo Siku ya Mbalanga Duniani.

Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha mafuta ya kupaka yanayozuia ujumbe wa intaferoni usifanye kazi ndani ya seli. Baadhi ya wagonjwa hurudiwa na rangi, hasa usoni, polepole. Yeye hakuyawahi.

Jumamosi iliyopita nilipanda tena matatu ile ile. Makanga alipodai nauli, nilimpa kwa mkono wenye mabaka.