JINA LA MTU NDANI YA DESIBELI

Kila anayesoma fizikia amekutana na neno desibeli. Lakini je, mwajua kwamba ndani yake limo jina la mtu? Naam, ni Alexander Graham Bell.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 mjini Edinburgh, Uskoti. Mama yake alikuwa na uziwi, na baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Kifua kikuu kiliwaua ndugu zake wawili, basi mwaka wa 1870 familia ikahamia Kanada. Baadaye akawa mwalimu wa viziwi huko Boston, Marekani. Mwaka wa 1877 alimwoa Mabel Hubbard, aliyekuwa mwanafunzi wake na kiziwi tangu utotoni.

Tarehe 7 Machi 1876 alipewa hataza ya simu. Siku tatu baadaye msaidizi wake, Thomas Watson, alimsikia akimwita kupitia kwenye waya. Sifa zikamiminika! Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Bell alipinga lugha ya ishara shuleni, akitaka viziwi wafundishwe kusema kwa mdomo tu. Jamani, viziwi wengi hawajamsamehe mpaka leo.

Alifariki tarehe 2 Agosti 1922 huko Kanada. Alipozikwa, simu za Amerika ya Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja. Katika miaka hiyo ya 1920, wahandisi wa kampuni ya simu iliyobeba jina lake wakakiita kipimo chao beli. Sehemu yake ya kumi ndiyo desibeli.

Hebu tuipige hesabu. Kompyuta hugeuza sauti kuwa namba, maelfu kila sekunde. Katika biti 16, namba haziwezi kupita 32,768, ziwe chanya au hasi. Zidisha kila namba kwa yenyewe, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili cha wastani huo. Gawanya kwa 32,768, tafuta logi ya jibu, uzidishe kwa 20. Ukigawanya ukapata 0.1, jibu ni desibeli -20, ukipata 0.5, ni kama -6. Kumbe sifuri ndiyo kilele, si kimya!

Basi tumshukuru Bell kwa simu, ila tusilirudie kosa lake. Anayezungumza kwa mikono naye ana la kusema, hata kama desibeli zake ni chache mno kupimika.